Dakika Tano Kwenye Changarawe

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha bafuni, nimeketi ukingoni mwa beseni, nahangaika kufunga kifungo cha shati kwa vidole ambavyo havikuwa vyangu tena. Leo nawaeleza nilichokifanya na vidole hivyo. Wapo wasomaji walioandika barua kunitetea. Nawashukuru, ila wangesubiri kidogo. Hawajaisikia hii.

Kwa mgeni wa kisa hiki: mimi nakimbiza pikipiki, na ndiyo kazi yangu ya pekee. Nina miaka thelathini na sita, umri ambao wenzangu wameshakuwa makocha au wameshaota vitambi. Wananiita Kobe, kwa kuwa huanza taratibu na mara nyingi hufika. Katikati ya msimu nilianguka nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga. Lakini vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikabaki na ganzi.

Vinakunja, vinakunjua, vina nguvu za kuvunja karanga. Ila havina habari. Uviwekee chuma, uviwekee pamba, kwao ni mamoja.

Na breki ya mbele ya pikipiki hubanwa na vidole hivyo hivyo.

Aliyejua ni fundi wangu peke yake. Mke wangu hakujua, ingawa yeye ndiye hukaa gerejini na kompyuta akisoma kila kinachofanywa na pikipiki barabarani. Mdogo wake wa mwisho, shemeji yangu, naye hakujua, ingawa tunakimbizia timu moja na gereji zetu zinatenganishwa na pazia tu. Huyo wanamwita Kipanga. Ana miaka ishirini na mitatu na haogopi kitu.

Zilibaki mbio mbili msimu uishe. Bingwa mtetezi alinizidi pointi kumi na moja. Basi.

Alhamisi daktari wa mashindano aliniita kunipima. Ni mama wa makamo, miwani iko puani, hana masihara.

"Bana vidole vyangu," akasema.

Nikabana mpaka akakunja uso.

"Nguvu zipo. Sasa fumba macho. Nikikugusa na sindano, sema."

Nguvu unaweza kuonyesha, lakini hisia usizokuwa nazo utazitoa wapi? Nikafumba macho nikijua leo nimepatikana.

Ndipo nikasikia. Mkononi alivaa bangili tatu nyembamba, na kila alipoinamisha sindano zililia, cheng'.

Cheng'.

"Hapo," nikasema.

Kimya. Nikanyamaza na mimi. Kimya kirefu. Cheng'.

"Hapo."

Akasaini karatasi. "Unajua," alisema bila kuinua uso, "ukinidanganya mimi, siumii mimi. Na pengine hata wewe hutaumia."

"Nitakudanganyaje, daktari, na sindano unayo wewe?"

Akacheka. Nami nikatoka nje nikicheka. Tulikuwa watu wawili tunaocheka jambo moja, kila mmoja kwa sababu yake.

Ijumaa haikuwa na kicheko.

Mzunguko wa tano wa mazoezi, nilifika mwisho wa mnyoofu, kile kipande kirefu kisicho na kona, kwa kasi ambayo ukipepesa macho umeshapita uwanja wa mpira. Nikaviambia vidole vibane. Vikabana, lakini vilibana hewa. Vilikuwa vimeteleza kando ya breki, na mimi sikuwa na habari. Nilipokuja kuiona kona, kona ilikuwa imeshanipita. Nikaingia kwenye changarawe ya kando ya barabara nikiwa bado wima, pikipiki ikiyumba kama mlevi anayetafuta ufunguo.

Sikuanguka. Bahati nyingine huja kukudanganya tu.

Gerejini mke wangu hakunisalimia. Aligeuza kompyuta nione.

"Mstari huu ni breki yako. Umechelewa nusu sekunde."

"Upepo ulinisukuma."

"Upepo?" Akanitazama. "Siku hizi upepo ndio unaobana breki?"

"Mama watoto, nimekosea kona moja. Wewe hujawahi kuunguza chungu?"

"Nimewahi. Ila nilisikia harufu."

Kipanga akaniokoa, akichungulia kwenye pazia na ndizi mdomoni.

"Dada, mwache mzee wa watu. Kobe akikimbia sana, gamba huchelewa kufika."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata mke wangu alicheka. Fundi hakucheka. Alinishika suti begani akanivuta nyuma ya lundo la tairi.

"Imetosha. Mwambie mkeo."

"Baada ya Jumapili."

"Mbio tatu sasa unaniambia baada ya Jumapili. Mimi ni fundi wa pikipiki, bwana. Uongo sina spana yake."

"Nisogezee breki karibu zaidi, nitaishika kwa vidole vitatu. Cha tatu ki hai."

Alinitazama kama anavyotazama injini iliyochemka, anapima kama kuna cha kuokoa. Kisha akachukua vifaa vyake akaisogeza. Mzee yule amenifanyia kazi tangu nina miaka ishirini. Ananipenda, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza.

Jumamosi ikanyesha mvua, nikashangilia peke yangu kama kichaa. Barabara ikilowa kila mtu hubana breki kwa woga, kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuogopa breki tangu katikati ya msimu. Nilipata nafasi ya pili ya kuanzia. Kipanga akapata ya nne. Bingwa mtetezi akapata ya kwanza.

Bosi wa timu alituita wote wawili. Yule bwana husema akiwa anatembea, kwa hiyo kumsikiliza ni kumfuata.

"Kesho, Kipanga, ukijikuta mbele ya Kobe mwishoni, unampisha. Tumeelewana?"

"Bosi, mimi na shemeji hatuna mbele wala nyuma," Kipanga akajibu. "Kombe lake ni kombe la dada yangu. Nitampisha hata akitaka kupita na mkokoteni."

Maneno hayo yangenituliza. Hayakunituliza. Mchana ule sikukalika. Nilikaa, nikasimama. Nililizunguka gari la timu mara sita. Nilifungua friji nikalifunga, nikalifungua tena, kana kwamba kilichokosekana kingekuwa kimefika. Mke wangu akaniuliza kama nimemeza mchwa.

Mwishowe nikaenda kwenye hema la chakula. Kipanga akanifuata na chai, vikombe viwili vya bati. Nikapokea changu kwa mkono wa kulia, dole gumba kwenye mshikio, vidole viwili vimelala kwenye bati lenyewe. Akaanza kunisimulia kisa cha mwendeshaji mmoja aliyesahau kujaza mafuta. Tulikuwa tunacheka. Halafu yeye akaacha kucheka.

"Shemeji. Weka kikombe chini."

"Kwa nini?"

"Weka chini kwanza."

Nikaweka. Vidole vilikuwa vyekundu kama pilipili, na ngozi ya kile cha kati ilianza kuvimba.

"Hiyo chai imetoka jikoni sasa hivi," alisema polepole. "Mimi kikombe changu nimekishika kwa leso. Wewe umekikumbatia."

Akachukua kijiko, akanipitishia ncha ya mpini kwenye kidole kile. "Unasikia?"

Hapo hapakuwa na bangili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nianguke."

"Dada anajua?"

"Hajui. Na usimwambie."

"Basi kesho usikimbie."

"Nikikosa kesho, kombe limekwenda. Miaka kumi na sita, shemeji. Sijawahi kulishika kombe hata la kuazima."

"Na ukimgonga mtu?"

Ndugu wasomaji, jibu langu ndilo jambo la kwanza ninalokuja kuungama. Miaka minne nyuma mama mkwe alikataa katakata mwanawe asikimbize pikipiki. Mimi ndiye niliyempigia magoti sebuleni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Binti nilikupa. Huyu nakuazima tu, na nitamtaka arudi mzima." Nikaapa.

Sasa nilimgeukia Kipanga na jambo lile lile, nikalifanya fimbo.

"Nani aliyekuombea kwa mama yako? Bila mimi leo ungekuwa nyuma ya kaunta unauza vipuri. Nimekupa maisha, wewe unashindwa kunipa Jumapili moja?"

Nilimsimanga. Wema wangu wote nikaumwaga mezani, kati ya vikombe vya chai. Kipanga aliinamisha kichwa, akakikunja kijiko, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Kesho asubuhi kuna dakika kumi za kupasha pikipiki moto," akasema hatimaye. "Ukikosa kona hata moja, namwambia dada pale pale."

"Sawa."

"Shemeji, sifanyi mzaha."

"Nimesema sawa."

Jumapili asubuhi niliziendesha zile dakika kumi kama mtu anayempeleka bibi yake kliniki. Sikukosa kona. Nitakosaje, kwa mwendo ule? Kipanga alijua nimemchezea, ila neno ni neno.

Tulipokuwa tunavaa helmeti alinisogelea.

"Sijasema kitu. Lakini nakuomba, kwenye mnyoofu usinifuate mgongoni. Kaa kando. Nitakunyooshea mguu, nitakupisha mwenyewe."

Nikamgonga begani, kwa maana ya ndiyo.

Mizunguko ishirini na miwili. Taa zikazimika, tukaondoka.

Mzunguko wa tisa, miujiza. Bingwa mtetezi, mtu ambaye hakuwa ameanguka msimu mzima, akateleza peke yake kwenye kona nyepesi, akakaa kwenye majani ameshika kichwa. Nilimpita nikidhani naota. Sasa nafasi ya pili tu ilinitosha kuongoza msimamo, tukabakiwa na mbio moja.

Fundi akaninyooshea ubao ukingoni mwa barabara. Neno moja: TULIA.

Mzunguko wa kumi na tisa, Kipanga wa kwanza, mimi wa pili. Wa tatu alikuwa mbali, simwoni hata nikigeuka. Tulitoka kwenye kona ya mwisho na Kipanga akanyoosha mguu wa kushoto, kama alivyoahidi. Maana yake: kona ijayo, pita.

Nilichotakiwa kufanya ni kusubiri. Sekunde nane, tisa.

Lakini kuna kitu kiliniwasha. Nitapewa? Mbele ya watu wote hawa, mbele ya mke wangu, nitapishwa kama mzee anayeachiwa kiti? Nilitaka kuichukua nafasi ile mwenyewe. Nikamfuata mgongoni kwenye mnyoofu, karibu, karibu zaidi, nikinywa upepo wake.

Alibana breki pale pale anapobana siku zote. Naapa, pale pale.

Nikaviambia vidole vibane.

Sikujua vimeshika nini. Najua tu pikipiki haikupungua. Nikaliona tairi lake la nyuma, nikaliona likiwa kubwa, kisha sikuliona tena kwa sababu nilikuwa juu yake.

Halafu dunia ikawa vumbi na kelele za vyuma.

Nilisimama mwanzo wa changarawe. Nikajipapasa: mikono, mbavu, miguu. Mzima. Pikipiki yangu ililala hatua kumi mbele, bado inanguruma. Kipanga alilala mbali zaidi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii.

Bendera nyekundu zikapepea kila mahali. Mbio zimesimamishwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kanuni yetu ni hii: mbio zikisimamishwa zikiwa zimekaribia kwisha, matokeo huchukuliwa ya mzunguko uliotangulia. Lakini mwendeshaji aliyeanguka huhesabiwa tu akiirudisha pikipiki yake gerejini ndani ya dakika tano. Asiporudisha, jina lake hufutwa.

Kanuni hiyo naijua kama jina langu. Na ilinijia kichwani kabla ya jina la Kipanga.

Nilimtazama. Kisha nikaitazama pikipiki. Kisha nikamtazama tena.

Aliinua mkono. Hakuuinua sana, kiwiko kilibaki kwenye changarawe. Sijui kama alikuwa ananiita au alikuwa ananiambia nenda. Nimejiambia mara nyingi kwamba aliniambia nenda. Nimejiambia mpaka maneno yameisha ladha.

Waokoaji wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa walikuwa wanakimbia upande wake. Mmoja nikamshika mkono.

"Nisaidie kuinyanyua!"

"Kuna mtu pale!"

"Yule ana mwenzako! Nisaidie!"

Akanisaidia. Na hilo pia liko kwenye hesabu yangu. Mtu aliyekuwa anakwenda kwa shemeji yangu, mimi nilimgeuza njia.

Niliingia gerejini na usukani uliopinda na dakika ya nne haijaisha. Bosi alinikumbatia, akapiga ngumi hewani, akasema maneno ambayo sikuyasikia. Fundi alisimama na mikono imening'inia. Mke wangu alipita katikati yao wote.

"Yuko wapi?"

"Wako watu wanamshughulikia."

"Nimekuuliza yuko wapi. Sijakuuliza yuko na nani."

"Kwenye changarawe. Kona ya kwanza."

"Na wewe uko hapa."

Hakuwa anauliza. Aliondoka mbio, kompyuta kwapani, kadi yake ya utambulisho ikimrukaruka shingoni.

Baada ya muda mfupi matokeo yakatokea kwenye runinga ya gereji. Kipanga, aliyekuwa wa kwanza, jina lake limefutwa. Hakurudisha pikipiki. Atairudishaje?

Wa kwanza: mimi.

Watu wakanipigapiga mgongoni. Nikacheka. Nilicheka, sitawaficha. Ndipo mhudumu akaja na kusema waamuzi wananiita.

Njiani bosi alinikamata kiwiko. "Sema alibana breki mapema. Hayupo wa kukanusha."

"Bosi, ni shemeji yangu."

"Ndiyo maana hatakasirika."

Chumba cha waamuzi ni kidogo, kina meza ndefu, runinga moja na dirisha linalotazama geti kuu. Walikuwa watatu. Mwenyekiti wao ni mtu mpole mwenye sauti ya chini, anayekufanya utamani kumwambia kila kitu.

"Tueleze," akasema.

"Alibana breki mapema kuliko kawaida," nikasema. "Sikuwa na pa kwenda."

Rahisi hivyo. Nilidhani mdomo utakataa. Haukukataa.

Kabla hawajauliza jingine, mlango ukagongwa, karani akaingia na karatasi. Mwenyekiti aliisoma kimya, kisha kwa sauti. Yalikuwa maelezo ya Kipanga. Daktari ameyaandika kwa mkono wake huku majeruhi akitayarishwa kupelekwa hospitali.

"'Nilibana breki mapema. Kosa ni langu. Shemeji hana hatia.'"

Nilikitazama kidole changu kilichoungua. Hakikuwa na la kuniambia.

"Maelezo yenu yanalingana," mwenyekiti akasema. "Limebaki jambo la takwimu. Mwiteni mama wa kompyuta."

Mke wangu akaingia. Mkono wa shati lake ulikuwa na damu mpaka kwenye kiwiko, na magoti yamejaa vumbi la changarawe. Hakukaa.

"Mama, pole kwa ndugu yako. Hatutakuchelewesha. Takwimu za pikipiki ya mumeo zinasemaje? Alibana breki?"

Hapo akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu gerejini. Nikajua ameshaiona. Ameshaisoma yote.

"Alibana," akasema.

"Wapi?"

"Pale anapobana siku zote."

Akasaini mahali alipoonyeshwa, akatoka. Nikaomba ruhusa nikamfuata ukumbini.

"Mama watoto..."

"Mstari wa breki umelala." Alisema kwa sauti ya chini, haraka haraka. "Sekunde nzima na zaidi, umelala kama maiti. Sijawahi kuona mtu anaingia kona ile hajabana kitu."

"Sasa kwa nini umesema..."

"Kwa sababu amenishika kola akiwa kwenye machela. Ameniambia ya ganzi, ya chai, na ya kumsimanga. Akaniapisha. Alijua na akanyamaza. Wakigundua, hata yeye watamfungia. Nyonga imevunjika mahali pawili, daktari anasema kuna damu inavuja ndani, na mtoto wa mama yangu analilia leseni!" Alijifuta uso kwa mkono wenye damu. "Yeye ndiye niliyemwapia. Usije ukadhani ni wewe."

"Nakuja nanyi hospitali."

"Wewe una kombe la kupokea."

"Silitaki sasa."

"Sasa?" Akanisogelea mpaka nikaiona michirizi ya vumbi chini ya macho yake. "Baba watoto, muda si mrefu mama atanipigia simu. Unataka nimwambie ulikaa naye dakika ngapi pale kwenye changarawe?"

Akashuka ngazi mbilimbili. Chini gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa, mlango wa nyuma wazi. Nilimwona akipanda na kompyuta yake, mlango ukafungwa.

Bosi akatokea mwisho wa ukumbi, anatembea kama kawaida yake. "Kobe! Jukwaani wanakungoja wewe tu!"

Nilimwangalia. Nikageuka. Nikagonga mlango wa waamuzi na kuingia bila kusubiri.

Mwenyekiti aliinua kichwa. "Umesahau kitu?"

"Hapana. Nimekuja kusema ukweli."

Maneno nilikuwa nayo. Nilishayapanga kutoka mlangoni hadi mezani: vidole vyangu vimekufa, nilimdanganya daktari, nilimgonga mimi, nilimwacha mimi. Ningeanza na lolote kati ya hayo. Lolote.

Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Mke wangu amewadanganya."

Hata saa ya kutubu, nilianza na kosa la mwenzangu.

Upole wa mwenyekiti ukaisha pale pale. Akanyakua redio mezani. "Geti kuu! Mama wa kompyuta wa timu yao asitoke nje. Yeye na kompyuta yake. Narudia, asitoke."

"Ngoja, mzee, sikiliza," nikasema. "Kosa ni langu, mimi ndiye..."

"Utasema zamu yako ikifika."

"Yumo kwenye gari la wagonjwa! Yuko na majeruhi!"

Lakini alikuwa ameshaiachia redio.

Nikakimbilia dirishani. Gari la wagonjwa lilikuwa linakaribia geti, taa yake inazunguka, kizuizi kimeanza kuinuka. Nikamwona mlinzi akiweka redio sikioni. Akaitika kwa kichwa. Kizuizi kikasita hewani, kisha kikashuka taratibu mbele ya gari.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa kwa kishindo. Aliyeruka chini hakuwa mke wangu. Alikuwa daktari, anampungia mlinzi mikono yote miwili, anapiga kelele ambazo kioo hakikuniruhusu kuzisikia.